Wimbo mmoja, wenyewe watatu: muziki huu wa Hungaria ni wa Wayahudi, wa Wahungaria au wa Waroma?

#1 Mpwani wa Debrecen
Wakuu, salaam.

Niko Debrecen, mashariki ya Hungaria, mwaka wa pili nasomea kilimo. Kwetu Likoni. Jumamosi iliyopita mwanafunzi mwenzangu alinivuta kwenye kitu wanakiita táncház, yaani "nyumba ya kucheza". Si klabu. Ni ukumbi wa shule, makoti yamerundikwa juu ya madawati, wazee kwa watoto wanazunguka wawili wawili mpaka jasho linatiririka, na nje baridi ya kukata masikio. Bendi ya watu wanne: fidla, fidla nene kidogo yenye nyuzi tatu tu, besi kubwa ya kusimama, na kitu kama meza ya nyuzi kinachogongwa kwa vijiti viwili.

Katikati wakapunguza mwendo, wakapiga wimbo wa taratibu na ukumbi mzima ukaimba. Nikamuuliza mwenzangu, wa nani huu? Akasema wetu, wa wachungaji wa vijijini. Mzee aliyekaa nyuma akadakia: wa Wayahudi, ni wa rabi huo. Wakati wa mapumziko nikamfuata mpiga fidla, ambaye ni Mroma (wa jamii ya Waroma, si wa mji wa Roma). Akanitazama kama niliyemuuliza mshahara wake. "Baba kaupiga, babu kaupiga. Wewe waonaje?"

Sasa naomba wajuzi. Ni wa nani? Na huku kuchanganya klezmer ya Wayahudi na ngoma za Wahungaria na upigaji wa Waroma ni jambo la tangu hapo, au limebuniwa juzi kwa ajili ya majukwaa na watalii?

Halafu baadaye walipochangamsha nikasikia taarab kabisa. Msinicheke.

#2 Kijana wa Gerezani
Nacheka. Kila Mswahili akifika Ulaya husikia taarab. Wiki iliyopita kuna mtu humu kasikia mchiriku Norwei.

Ila hao si ndio wale Wajipsi wa kwenye filamu, wanaosoma viganja?

#3 Fundi Santuri
Mleta mada, kama huo wimbo una jogoo ndani yake basi umeangukia penyewe. Unaitwa "Szól a kakas már", jogoo anawika. Na uliyemsikia akisema "wa rabi" hakukosea: ni Rabi wa Kálló, Isaac Taub, 1751 hadi 1821. Mji wake, Nagykálló, hauko mbali na hapo ulipo.

Kisa chake Wayahudi wa Hungaria wanakisimulia hivi. Rabi alikuwa akitembea mashambani, akamsikia mchungaji kijana akiimba. Wimbo ukamshika. Akamwambia niuzie. Kijana akataja bei, rabi akalipa, na palepale rabi akawa anaujua wote na mchungaji akawa kausahau. Baadaye wakaongeza maneno ya Kiebrania ya kuomba Hekalu lijengwe tena. Kwa hiyo Mhungaria ni muuzaji, Myahudi ni mnunuzi, na Mroma ndiye aliyebaki akiupiga. Wote watatu uliowauliza wamesema kweli.

#4 Mpwani wa Debrecen
Jogoo! Ndiyo huo, "kakas". Nilidhani wanaimba kuhusu kaka zao.

#5 Mshamba Halisi
#3 hapo umeleta hadithi ya biashara ya kwanza ya hakimiliki. Risiti iko wapi?

#6 Mzee wa Kanuni
Asalaam alaykum. Kijana, sikio lako halikukudanganya, wapuuze wanaokucheka.

Mimi nimepiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, miaka thelathini na kitu hapa Unguja. Katika maqamu zetu, yaani ngazi za noti, ipo Hijazi. Anza noti ya kwanza, ya pili iko karibu nayo sana, kisha unaruka pengo pana hadi ya tatu. Hilo pengo ndilo linalofanya mtu atikise kichwa. Wapiga klezmer nao wanayo, wanaiita freygish, na kwenye sala zao ina jina jingine. Pengo ni lilelile.

Na limefikaje huko? Mturuki. Buda, leo sehemu ya Budapest, ilikuwa mikononi mwa Waturuki tangu 1541 mpaka 1686. Romania na Moldova walikuwa wakilipa kodi Istanbul kwa karne kadhaa. Sisi nasi taarab tumeipata kwa njia ya Misri, na inasimuliwa kuwa Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni. Mti mmoja, matawi mawili. Sioni ugumu.

#7 Fundi Santuri
Mzee wangu, kwa heshima, hapo umekwenda haraka.

Kwa Hijazi ya klezmer nakubali, hasa ile ya upande wa Moldova na Bahari Nyeusi. Lakini nyimbo za kale za wakulima wa Hungaria hazina hilo pengo kabisa. Bartók na Kodály, watunzi wa Hungaria, walianza kuzunguka vijijini mwaka 1905 na 1906 na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta, na walichokikuta ni ngazi ya noti tano. Wimbo unaanza juu, unashuka, halafu nusu ya pili inarudia ya kwanza kwa chini zaidi. Mturuki alikaa Buda miaka 145 na hakuubadilisha huo.

Kwa hiyo "muziki wa Hungaria" wenyewe ni vitu viwili au vitatu vimevaa kanzu moja.

#8 Mama Vienna
Kijana wa Gerezani, #2: hilo jina huku ni tusi kwa wengi. Sema Waroma. Wapo wanamuziki wenyewe wanaojiita hivyo wakiwa wao kwa wao, lakini wewe si mmoja wao, na mimi pia si mmoja wao. Nimeishi Vienna miaka kumi na tisa, jirani yangu wa ghorofa ya chini ni Mroma kutoka Slovakia na hajasoma kiganja cha mtu, ni fundi wa lifti.

Nitarudi kwenye mada jioni, nina zamu.

#9 Kijana wa Gerezani
Samahani mama. Nimefuta kichwani.

#10 Binti Mwembetanga
Mimi sioni kwa nini tunatafuta mti na matawi. Tazameni kazi.

Mjomba wangu alikuwa mpiga fidla. Ijumaa anapiga taarab kwenye harusi Ng'ambo. Jumamosi hotelini anapigia wazungu nyimbo za filamu. Kuna wakati aliitwa arusi ya Wagoa, akapiga walichotaka. Wahindi wakimwita anajua nyimbo zao mbili tatu za kuwaliza kinamama. Fidla ni moja na mkono ni mmoja. Ukimuuliza "huu muziki ni wako?" atakuuliza nani analipa.

Sasa weka Waroma hapo. Kama ndio waliokuwa wapigaji wa kila harusi, ya Mhungaria, ya Mromania, ya Myahudi, basi mchanganyiko umo kwenye mkono wa mpigaji. Hakuna aliyekaa chini akachanganya.

#11 Lubumbashi Moja
Bandugu, jambo. #10 amesema kweli. Huku kwetu mwanamuziki anapewa matabishi, unambandikia franga kwenye paji la uso, naye anaita jina lako. Niliona video ya harusi ya Waroma ya Romania, ni vilevile! Noti kwenye paji, noti kwenye upinde wa fidla. Anayetoa feza ndiye anachagua wimbo.

#12 Binti Mwembetanga
Na sisi kutunza je? Unatoka kwenye kiti na elfu kumi yako, unakwenda mbele ukitingisha mabega, unampa mwimbaji kwenye ubeti unaomgusa jirani yako. Wimbo si wako wala hukuutunga, lakini kwa dakika hiyo ni wako na jirani anajua.

#13 Mshamba Halisi
Hapo kwenye jirani ndipo uzi ulipotakiwa kuanzia.

#14 Mama Vienna
Nimerudi.

Binti, uko sahihi na mfano upo. Huko Transilvania, leo ni Romania, eneo la nyanda ambalo Wahungaria wanaliita Mezőség, kuna kijiji cha Pălatca chenye bendi za familia za Waroma zinazojulikana. Hao wana seti ya Wahungaria, seti ya Waromania, na seti ya Waroma wenyewe. Si kwamba wanachanganya ovyo. Ukiagiza ya kwenu unapigiwa ya kwenu kwa mpangilio wake, kuanzia ya taratibu mpaka ya mbio, na ukikosea kuagiza unaaibika wewe. Zamani sehemu nyingi za huko ilikuwepo pia seti ya Wayahudi.

Na neno klezmer lenyewe watu wanalikosea. Limetokana na Kiebrania, "vyombo vya muziki", na kwa muda mrefu lilimaanisha mtu, mpigaji, tena si jina la heshima sana. Kuliita jina la aina ya muziki kumeenea baada ya vijana wa Marekani kufufua santuri za babu zao miaka ya 1970.

Harusi yao ilikuwa na mtu anaitwa badkhn. Kabla ya ndoa bibi harusi anakalishwa, badkhn anamghania mashairi ya papo kwa papo kuhusu kuagana na wazazi, fidla inamfuata nyuma, mpaka bibi harusi analia na kinamama wote wanalia. Nilipoelezwa mara ya kwanza nikasema, huyo ni somo na malenga kwenye kofia moja.

#15 Mzee wa Kanuni
Maelezo mazuri, Bi Vienna. Ila hata mpigaji wa kila harusi ana lafudhi yake. Mjomba wa Binti Mwembetanga akipiga wimbo wa Kigoa, Mgoa anajua huyu ni wa Ng'ambo. Hiyo lafudhi mnaiwekaje kwenye hesabu yenu ya "anayelipa"?

#16 Fundi Santuri
Swali la #15 limenikumbusha kitu nilichotaka kukieleza tangu mwanzo, sasa nikae vizuri.

Kuna bendi ya Budapest inaitwa Muzsikás, imeanza 1973, wakati ule vijana wa mjini walipoanza hizo táncház. Mwaka 1993 walitoa sahani inayoitwa Máramaros, nyimbo za Wayahudi wa Transilvania. Mwimbaji ni Márta Sebestyén. Sasa fikirieni tatizo lao. Máramaros, upande wa Sighet, ilikuwa na Wayahudi wengi mno vijijini, wakulima, wakata magogo, mafundi. Hungaria ikalichukua eneo hilo 1940. Mwaka 1944, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 9 Julai, Wayahudi zaidi ya 430,000 wa Hungaria na maeneo iliyoyachukua walipakiwa kwenye treni, wengi wao wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wiki nane hivi. Waliopiga muziki na waliouagiza, wote kwa pamoja.

Sasa unazipata wapi nyimbo za harusi zao miaka hamsini baadaye? Mtafiti Zoltán Simon alikuwa amehifadhi lahani kadhaa. Kwingine wakawaendea wazee wa Kiroma. Gheorghe Covaci, mpiga fidla, alikuwa amepiga harusi za Wayahudi na baba yake kabla ya vita. Árpád Toni alikuwa mpiga cimbalom, hiyo meza ya nyuzi ya mleta mada. Wazee hao walikuwa bado wanazikumbuka: hii ya kumtoa bibi harusi, hii ya mezani, hii ya kucheza. Kazi yao ilikuwa kujua mteja anataka nini, na mteja kaondoka lakini oda imebaki kichwani.

Nina hiyo sahani. Ukisikiliza, fidla ya Covaci ina mikwaruzo na haraka ambayo haimo kwenye klezmer ya New York. Hakuna klarineti inayocheka. Sasa Mzee, niambie wewe: hiyo lafudhi ni ya Myahudi wa Máramaros ilivyokuwa, au ni ya Mroma anayemkumbuka?

#17 Mzee wa Kanuni
Hilo hata mimi siwezi kulijibu kwa kusikiliza.

#18 Binti Mwembetanga
#16 umenifanya niache kupika. "Oda imebaki kichwani." Subhanallah.

#19 Mtoto wa Mwalimu
Nasoma uzi huu kimya ila naona mnawasifu Waroma kama kabati la kuhifadhia vya wenzao. Nao je? Waliuawa pia. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Agosti 1944 kambi ya Waroma ndani ya Auschwitz-Birkenau ilifutwa, maelfu ndani ya usiku mmoja. Hatusikii "muziki uliopotea wa Waroma" ukitafutwa kwa Wayahudi waliosalia.

Na Liszt, mtunzi mzaliwa wa Hungaria, alishasema 1859 kwamba muziki wa Hungaria ni wa Waroma, akaandikia kitabu kizima. Mbona hamumtaji?

#20 Fundi Santuri
Kwenye aya ya kwanza sina la kupinga.

Ya pili ndiyo. Liszt alisikia bendi za Waroma mijini na mahotelini akadhani wanachopiga wamekitunga wao tangu India. Bartók akaja kupinga miaka ya 1930: nyingi ya hizo ni nyimbo za mabwana wa Kihungaria waliotunga kwa kujifurahisha, Waroma wakazipamba. Ila Bartók naye alikuwa na upande wake. Alimpenda mkulima, alimdharau kidogo mpiga fidla wa mgahawani, na wote wawili, Liszt na Bartók, hawakumuuliza sana Mroma anaimba nini akiwa nyumbani kwake.

#21 Mama Vienna
Hapo hasa. Na jibu ni kwamba nyumbani anaimba kingine.

Waroma si kundi moja. Wapo wa familia za wanamuziki, fidla na cimbalom kazi ya urithi, wengi wao hata lugha ya Kiroma wameiacha. Na wapo wanaoitwa Vlach, wafanyabiashara wa farasi zamani, hao kwa desturi hawakuwa na ala za muziki kabisa. Wanaimba, na midundo wanatoa kwa mdomo, "besi ya mdomo", pamoja na vijiko na ndoo ya maji inayopigwa kwa kiganja. Kundi la Kalyi Jag la Budapest, maana yake moto mweusi, lilianza 1978 na ndilo lililopandisha hiyo jukwaani. Mtu akisema "muziki wa Kiroma wa Hungaria", muulize upi.

#22 Kijana wa Gerezani
Ndoo ya maji! Sisi tulikuwa na debe. Mchiriku wangu naona unarudi polepole.

#23 Dokta wa Ng'ombe
Nimeingia kuuliza tu. Mleta mada, huko mnakula nini? Nasikia wana supu ya pilipili ya nyama inapikwa kwenye sufuria la kuning'inia.

#24 Mpwani wa Debrecen
Daktari, ipo, gulyás. Pilipili yao haiwashi, inapaka rangi tu. Mimi nabeba yangu ya mbuzi mfukoni.

Wakuu ahsanteni. Jana nimerudi tena ukumbini, safari hii nikakaa karibu na yule wa fidla ya nyuzi tatu. Wanaiita brácsa, wengine kontra. Kumbe ule ubao mdogo unaonyanyua nyuzi haukupinda kama wa fidla ya kawaida, umenyooka, hivyo upinde unagusa nyuzi zote tatu kwa mpigo. Hapigi lahani hata moja usiku kucha. Ameishika kiubavu kifuani na anachofanya ni kusukuma upinde mara moja, lakini ndani ya msukumo mmoja kuna mibano miwili, kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu. Dűvő, ndivyo wanavyouita. Nilimwomba nijaribu. Nikatoa sauti ya mlango. Akacheka, akaniwekea kidole chake juu ya changu, akabana, mlango ukawa mkokoteni kwa sekunde tatu.

Nikamuuliza, ukipiga ya Wayahudi mkono unabadilika? Akasema mkono wa huyu wa fidla ndio unabadilika, wa kwangu ni uleule.

#25 Mzee wa Kanuni
Maneno ya mpigaji wa kweli hayo. Hiyo kauli ina uzito kuliko kurasa mbili tulizoandika.

Mpiga fidla anabadilika wapi? Klezmer wana kitu wanaita krekhts, ni kama kwikwi: noti inakatwa kooni kabla haijaisha, kama mtoto aliyelia akanyamaza. Mroma ana mapambo mengine, anamwaga noti nyingi nyingi za kuzunguka. Mhungaria wa kijijini anapenda mguu usikie kwanza. Kwa hiyo mkono wa chini mmoja, mkono wa juu watatu. Huo ndio mchanganyiko wao nionavyo mimi.

#26 Mshamba Halisi
Na ile "Csárdás" maarufu, ngoma ya Kihungaria ya fidla inayoanza polepole halafu inakimbia, kila harusi ya Kizungu na kila mtaani wanapiga? Hiyo si ndiyo ushahidi wa mkono wa Mroma?

#27 Fundi Santuri
Hahaha. Hiyo ni ya Vittorio Monti. Mtaliano wa Napoli.

#28 Mshamba Halisi
Nimekaa chini.

#29 Fundi Santuri
Usikae peke yako. Brahms, mtunzi Mjerumani, naye kwenye ngoma yake ya Kihungaria namba 5 alichukua csárdás ya Béla Kéler akidhani ni wimbo wa wananchi usio na mwenyewe.

Na csárdás zenyewe za mwanzo, mmoja wa waliozipa umaarufu ni Márk Rózsavölgyi, aliyefariki 1848. Alizaliwa Myahudi wa jina la Rosenthal, bonde la waridi. Rózsavölgyi ni bonde la waridi kwa Kihungaria. Kabla yake, mfalme wa verbunkos, muziki wa kuandikishia vijana jeshini, alikuwa János Bihari, Mroma, 1764 hadi 1827. Kwa hiyo kile ambacho Hungaria inakiita mtindo wake wa taifa kilisukwa na Mroma na Myahudi kwa kiasi kikubwa, zamani kabla ya tamasha lolote la "kuunganisha tamaduni". Jibu la sehemu ya pili ya #1 ndilo hilo.

#30 Mama Vienna
Sikubali kwamba limejibiwa. Kukaa pamoja kwa sababu ya kazi si sawa na kukaa pamoja kwa sababu ya mradi. Ya leo ni tofauti.

Tazama Budapest Klezmer Band, 1990. Mwanzilishi Ferenc Jávori ni mzaliwa wa Munkács, leo ni Ukraine, mji ambao masalia ya wapigaji wa zamani yalikuwepo. Di Naye Kapelye ya Bob Cohen, Mmarekani aliyehamia Budapest, wao walikwenda vijijini kwa wazee wa Kiroma kama wale wa #16. Halafu kuna Alan Bern na The Other Europeans, mwishoni mwa miaka ya 2000. Huyo alichukua wanamuziki kumi na wanne, akawagawa kwanza: bendi ya klezmer peke yake, bendi ya lăutari, yaani Waroma wa Moldova na Romania, peke yake. Kálmán Balogh wa Hungaria yumo kwenye cimbalom. Baadaye ndipo wakaunganishwa. Walichokifuata ni mji wa Edineț, Moldova, ambako Wayahudi na Waroma walipiga pamoja zamani.

Mnaona ugeni wake? Zamani walichanganyika bila mpango, sasa mtu anapanga kwa makini kuwatenganisha ili wachanganyike vizuri. Na bila huo mpango leo hakuna kitu, kwa sababu mtaa wenyewe haupo.

#31 Binti Mwembetanga
Basi la zamani pilau, la sasa kachumbari.

#32 Fundi Santuri
Sikubaliani na mapishi yako. Wale wanamuziki wa #30 walibishana juu ya lafudhi, na mtu habishani na kachumbari.

#33 Mzee wa Kanuni
Nami niseme yangu kuhusu hiyo miradi, maana nimepita humo. Miaka kadhaa nyuma walikuja wageni, nchi sitaitaja, wakatukusanya wapiga taarab wanne na wapigaji wao watano. Siku tatu studio. Walikuwa watu wazuri, wanakula ugali na sisi. Siku ya kwanza wakasema tupige chetu. Tukapiga. Siku ya pili wakasema, Mzee, hii Hijazi nzuri ila kanuni yako haikai kwenye piano yetu, irekebishe. Robo sauti zangu zote nikazipandisha na kuzishusha zifuate piano. Siku ya tatu nilikuwa napiga kitu ambacho mke wangu asingekijua. Sahani ikatoka, kwenye jalada tumeandikwa "wanamuziki wa Zanzibar". Majina ya wale watano yapo, mmoja mmoja.

Kwa hiyo nikisikia mchanganyiko swali langu ni moja: nani alirekebisha nyuzi zake?

#34 Mtoto wa Mwalimu
Pole Mzee. Hilo ndilo nililokuwa nalisogelea #19 nikashindwa kulitamka.

#35 Fundi Santuri
Pole sana mzee wangu. Kwa haki tu: kwenye sahani ya Máramaros majina ya Covaci na Toni yapo. Nimeinuka nikaangalia sasa hivi.

Na cimbalom yenyewe ilishawahi kufanyiwa hayo. Ile kubwa yenye miguu na pedali ni ya fundi József Schunda wa Budapest, 1874, iweze kuingia ukumbini na okestra. Ile ndogo ya kuning'iniza shingoni, aliyotembea nayo mpigaji harusini, ndiyo tsimbl ya klezmer. Kwa Waajemi ndugu yake anaitwa santuri.

#36 Kijana wa Gerezani
Santuri si ile sahani nyeusi ya babu? Kwa hiyo wewe Fundi ni fundi wa kipi?

#37 Fundi Santuri
Jina limenizidi umri, niache.

#38 Lubumbashi Moja
Miye bado na #10. Anayelipa. Hata miradi ya Mzee, aliyelipa ndiye aliyeamuru piano.

#39 Mama Vienna
Ila Covaci hakulipwa na mtu miaka hamsini na bado alizikumbuka. Malipo hayaelezi hilo.

#40 Lubumbashi Moja
Hapo umenibana, mama.

#41 Mpwani wa Debrecen
Jumapili nikijaaliwa naenda Nagykálló, mwenzangu ana gari. Nitapiga picha. Nikimkuta jogoo nitamrekodi.

#42 Kijana wa Gerezani
Hatimaye nimesikiliza ile ya jogoo, Sebestyén anaimba. Nimeweka spika kubwa. Mama kapita na beseni la nguo, kasimama mlangoni mpaka ikaisha, akauliza: huyu wa klabu gani, mbona matamshi yake mabovu?

#43 Mzee wa Kanuni
Mwambie si wa klabu. Na kama ana hamu amwekee ile inayofuata, ya kuchangamka, amwambie asikilize hapo mwanzoni fidla inapoingia peke yake kabla besi haijaja. Kisha aniambie amesikia nini, maana mke wangu na mimi tumegombana juu yake tangu juzi.